Jani la Ziada Haliongezi Uwezo

Springi za nyuma za pikapu zina kazi tatu: kushikilia bodi juu ya ekseli kwa kimo kinachofaa, kuruhusu gurudumu lipande na kushuka kufuata barabara, na kuipa shokomzoba nafasi ya kutuliza mtikisiko. Hakuna kati ya kazi hizo inayopunguza uzito, inayosimamisha gari, wala inayohamisha mzigo kutoka ekseli moja hadi nyingine. Hata hivyo, kwenye gereji zilizo kandokando ya Waiyaki Way, kuanzia Westlands na Kangemi hadi Mountain View na Uthiru, na kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road ambayo wengi bado wanaiita Grogan, pikapu inayolala nyuma ikifungwa trela huagiziwa dawa moja tu: ongeza springi. Jani moja au mawili ya chuma yanapachikwa kwenye springi, nyuma inainuka, na mwenye gari anaondoka akiamini kwamba sasa anaweza kuvuta zaidi. Imani hiyo ni potofu. Tena ina madhara, kwa sababu kulala kwa gari kulikuwa onyo, na kilichofanyika gereji ni kulizima onyo huku chanzo chake kikiachwa palepale.

Kosa linaanza kwenye hesabu ya mzigo. Uzito wa trela haupandi wote kwenye pikapu. Sehemu kubwa hubebwa na magurudumu ya trela yenyewe, na sehemu ndogo hukandamiza kiungo kilicho nyuma ya bampa. Kwa trela nzito, sehemu hiyo ndogo kwa kawaida hulengwa kuwa karibu asilimia 10 ya uzito wa trela. Trela ya kilo 2,500, basi, hukandamiza kiungo kwa kilo 250. Wengi hudhani kilo hizo 250 ni sawa na mifuko mitano ya saruji iliyowekwa ndani ya karai la pikapu. Sivyo. Saruji iliyo juu ya ekseli ya nyuma huikandamiza ekseli hiyo peke yake, lakini kiungo kiko nyuma ya ekseli, na kwa hiyo kinafanya kazi kama wenzo: kinaisukuma ekseli ya nyuma chini na wakati huohuo kuinyanyua ya mbele.

Chukua Toyota Hilux ya kabini mbili, ambayo tangu kizazi cha 2005 ina mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na uweke kiungo mita 1.2 nyuma ya ekseli. Zidisha 250 kwa 1.2, kisha gawanya kwa 3.085: jibu ni kilo 97. Huo ndio uzito unaoondoka kwenye magurudumu ya mbele. Nayo ekseli ya nyuma haiongezewi 250, bali 347, yaani uzito wa kiungo pamoja na ule ulioporwa mbele. Kiungo kikikandamizwa kwa kilo 350, mbele hupoteza kilo 136 na nyuma huongezewa 486. Na hapo bado hakijahesabiwa kitu chochote kilicho ndani ya karai, wala abiria wa viti vya nyuma.

Swali la msingi ni hili: jani la ziada linabadilisha nini katika hesabu hiyo? Halibadilishi kitu. Ugumu wa springi haumo kabisa kati ya namba zilizotumika. Vilivyomo ni uzito na umbali. Pikapu iliyoongezewa majani husimama sawasawa machoni, lakini ekseli yake ya nyuma imebeba kilo zilezile 347 za ziada, na magurudumu ya mbele yanakosa zilezile 97. Kusawazika kwa bodi na kusawazika kwa mzigo ni mambo mawili, na utamaduni mzima wa kuongeza springi umejengwa juu ya kuyachanganya. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari na ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakipungukiwa na uzito, usukani unakuwa mwepesi, kona inakatwa kwa kuchelewa, na breki ikikanyagwa kwenye lami iliyolowa matairi yanaanza kuteleza mapema. Dereva wa pikapu iliyolala alikuwa angalau anaona kwamba kuna tatizo. Dereva wa pikapu iliyoinuliwa haoni.

Hoja ya pili ya kuwapinga wenye imani hiyo inahusu mahali kikomo cha gari kinapotoka. Mtengenezaji huweka namba kadhaa: uzito kamili wa gari likiwa na mzigo, kikomo cha kila ekseli, uzito wa juu wa trela, mkandamizo wa juu wa kiungo, na jumla ya gari na trela pamoja. Namba ya mwisho mara nyingi ni ndogo kuliko jumla ya uzito kamili wa gari na uzito wa juu wa trela, na kwa hiyo anayejaza karai hana ruhusa tena ya kuvuta trela iliyojaa. Namba hizo hazikupimwa kwa springi peke yake. Zinategemea chasisi, breki, gia, upoozaji wa injini, matairi, rimu na beringi. Hilux na Isuzu D-Max, kwa mfano, zina ekseli ya nyuma ambayo nondo inayozungusha gurudumu ndiyo pia inayobeba uzito wa gari, tofauti na Land Cruiser ya 79 ambayo uzito wake hubebwa na bomba la ekseli na nondo ikaachiwa kazi ya kuzungusha tu. Jani jipya haliigusi nondo hiyo wala beringi yake. Tairi nalo lina kikomo chake kilichochapwa ubavuni: lenye namba 112 hubeba kilo 1,120 likiwa na upepo unaotakiwa, kwa hiyo mawili ya nyuma hubeba 2,240 na si zaidi, hata springi zikifungwa za lori.

Ushahidi wa wazi unatoka kwa watengenezaji wenyewe. Nissan ilipotoa Navara ya kizazi cha D23, ile ya kabini mbili iliwekewa springi za koili nyuma badala ya majani. Nchini Australia wateja walilalamika kwamba inalala mno ikipakiwa au ikivuta, na kampuni ikazibadilisha springi hizo zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata. Gari likasimama vizuri zaidi chini ya mzigo. Uzito wa juu wa trela yenye breki uliotangazwa ulikuwa kilo 3,500 kabla ya mabadiliko, na ukabaki kilo 3,500 baada yake. Kama kiwanda chenye maabara, wahandisi na viwanja vya majaribio hakikuongeza uwezo wa kuvuta kwa kubadilisha springi, ni vigumu kuona jinsi gereji itakavyouongeza kwa jani lililotolewa kwenye gari bovu.

Kisha kuna breki. Pikapu nyingi za miaka iliyopita, zikiwemo Hilux ambazo bado zinafanya kazi Nairobi kila siku, zina vali inayopima mzigo kwa njia ya kimo. Fimbo ndogo huunganisha ekseli ya nyuma na chasisi. Bodi ikishuka kwa mzigo, fimbo husukuma vali na mkandamizo mkubwa zaidi wa mafuta ya breki huenda nyuma, kwa kuwa nyuma kuna uzito wa kushika barabara. Bodi ikiwa juu, vali huelewa kwamba gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu ili zisifunge. Sasa pachika majani mawili. Gari limebeba mzigo mzito lakini bodi haishuki, vali inaamini gari ni tupu, na breki za nyuma zinanyimwa nguvu wakati zinapohitajika kuliko wakati mwingine wowote. Magari mapya hugawa nguvu za breki kwa kompyuta na hayana tatizo hili, lakini katika yale ya zamani, ambayo ndiyo huongezewa springi mara nyingi zaidi, jani la ziada linaweza kurefusha umbali wa kusimama. Fundi anayeongeza jani bila kuirekebisha fimbo hiyo ameliharibu gari.

Gharama nyingine hulipwa siku ambazo trela haipo, nazo ni nyingi. Ugumu wa jani hukua kwa unene wake ukizidishwa mara tatu kwa wenyewe: jani la milimita 8 ni gumu kuliko la milimita 6 kwa zaidi ya mara mbili. Pikapu tupu yenye springi kama hizo haikanyagi barabara bali huidundia. Gurudumu linaporuka kwenye kona yenye mashimo halishiki kitu, na mvua ya Aprili huligeuza ruko hilo kuwa mtelezo. Kila tuta, na barabara za ndani za Mountain View na Kangemi hazina uhaba wa matuta, hupiga vishikio vya springi na chasisi kwa nguvu ambayo springi laini ingeimeza. Shokomzoba za kiwandani, zilizopimwa kwa springi za kiwandani, hushindwa kutuliza springi ngumu na huchakaa mapema.

Ubora wa jani lenyewe pia una mashaka. Ufundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi unastahili heshima katika mambo mengi, lakini chuma cha springi hupata unyumbufu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa kiwango maalumu. Jani lililokatwa kutoka lori kuukuu, likapashwa kwa gesi ili lipate mkunjo na kuachwa lipoe lenyewe, limepoteza kilicholifanya kuwa springi. Litalainika, au litavunjika. Jani lenye mkunjo usiolingana na wenzake hukaa vibaya kwenye pakiti na kusukuma mzigo wote kwenye sehemu moja, na bolti ya katikati inayoyashika majani pamoja ndiyo hukatika kwanza. Ikikatika, ekseli inaweza kusogea kutoka mahali pake gari likiwa mwendoni.

Watetezi wa springi za ziada wana hoja zao, na zinastahili kujibiwa moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni ya uzoefu: pikapu za Kenya zimebeba kupita kiasi kwa miongo mingi, kuanzia enzi za Peugeot 504, na bado zinatembea. Ni kweli zimebeba. Lakini kubeba ndani ya karai si kuvuta. Gunia la viazi halinyanyui magurudumu ya mbele kama wenzo wa kiungo unavyofanya, halisukumi gari kutoka nyuma kwenye mteremko, na haliyumbi kushoto na kulia kwa mwendo wake lenyewe. Uzoefu wa magunia hauwezi kuwa kipimo cha trela.

Hoja ya pili ni kwamba barabara za hapa ni mbovu kuliko zile ambazo kiwanda kilizifikiria, kwa hiyo gari linahitaji kukazwa. Hitimisho hilo limegeuzwa juu chini. Barabara mbovu huongeza nguvu za ghafla zinazopiga chasisi, beringi na matairi kila gurudumu linapoangukia shimo. Sababu hiyo inadai mzigo upungue, si springi zikazwe, kwa kuwa springi ngumu hupitisha pigo hilo juu badala ya kulimeza.

Hoja ya tatu ni ya taa: nyuma ikilala, taa za mbele huelekea juu na kuwapofusha wanaokuja. Hiyo ni hoja ya haki. Lakini taa zinazoelekea juu zinaeleza kwamba mbele kumeinuka, yaani magurudumu ya mbele yamepoteza uzito. Kuinua nyuma huzirudisha taa mahali pake bila kuurudisha uzito huo. Tiba inayorudisha vyote viwili ipo, na itaelezwa hapa chini.

Hoja ya nne ni ya bei, na ndiyo yenye nguvu kuliko zote: jani ni rahisi, breki za trela ni ghali. Ukweli wake haukanushiki. Ila bei rahisi ya kitu kisichofanya kazi inayotakiwa si akiba. Fedha hiyo imenunua kimo, nacho kimo hakikuwa kinachokosekana.

Kundi jingine, lenye fedha zaidi, limeachana na majani na kukimbilia mifuko ya hewa inayofungwa kati ya ekseli na chasisi. Mifuko hiyo ina faida moja ya kweli: hujazwa upepo siku ya trela na kupunguzwa siku nyingine, kwa hiyo gari tupu halidundi. Lakini hesabu ya ekseli ya mbele inabaki ileile, na tatizo jipya linazaliwa. Springi ya majani huufikisha mzigo kwenye chasisi kwa vishikio viwili, kimoja mbele ya ekseli na kingine nyuma yake. Mfuko huusukuma kwenye sehemu moja ya katikati, huku kiungo na trela vikiikandamiza chasisi chini upande wa nyuma. Nchini Australia, ambako pikapu za kabini mbili huvuta karavani nzito kwenye barabara za vumbi, chasisi zilizopinda nyuma ya kabini zimekuwa jambo linalojulikana, na mifuko ya hewa iliyojazwa mno chini ya mzigo uliozidi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa. Mifuko miwili iliyounganishwa kwa bomba moja ina kasoro nyingine: kwenye kona, hewa hukimbia kutoka upande uliobanwa kwenda ulioachwa, na gari hulala zaidi badala ya kusimama.

Njia sahihi inaanza kwenye mizani. Pikapu hupimwa ekseli ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha vipimo hivyohivyo trela ikiwa imefungwa. Tofauti kati ya vipimo vya mbele inaonyesha uzito ulioporwa. Tofauti ya gari zima inaonyesha mkandamizo wa kiungo. Vipimo hivyo vinne hulinganishwa na bamba la mtengenezaji na namba za matairi. Bila hivyo, mazungumzo yote ya springi ni ya kubahatisha.

Hatua ya pili ni kupanga mzigo wa trela. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, akiwemo Jos Darling, walichapisha majaribio kuhusu uthabiti wa gari na trela kwenye mwendo wa kasi. Mambo yaliyokuwa na athari kubwa yalikuwa mtawanyiko wa uzito ndani ya trela, mkandamizo wa kiungo na mahali ekseli ya trela ilipo. Mzigo mzito ukae karibu na ekseli ya trela, si mkiani. Trela yenye mkia mzito huyumba, na springi ngumu za pikapu haziwezi kuizuia. Matangi ya maji, yanayovutwa kila wiki katika mitaa yenye mgao, yanahitaji tahadhari ya pekee: lita 1,000 ni kilo 1,000, na tangi lililojaa nusu huhamisha uzito wake mbele na nyuma kila breki inapokanyagwa, kwa hiyo mkandamizo wa kiungo haubaki namba moja. Ama lijae, ama liwe na vigawanyo ndani.

Hatua ya tatu ni breki za trela. Barani Ulaya, trela inayozidi kilo 750 sharti iwe na breki zake yenyewe. Sababu inaonekana kwenye njia inayopita Mountain View. Kutoka hapo Waiyaki Way hupanda kuelekea Limuru, na kwenye Rironi barabara ya chini huteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi Mai Mahiu. Gari na trela vyenye jumla ya kilo 5,000, kwa kila mita 100 za kushuka kwa mwendo usiobadilika, huzalisha nishati inayoweza kuchemsha karibu lita 15 za maji baridi. Injini kwenye gia ndogo hunywa sehemu yake. Iliyobaki huishia kwenye breki. Kama trela haina breki, joto lote linaangukia diski na ngoma za pikapu moja, na breki iliyochemka haishiki. Mpando hupima upoozaji wa injini, na mteremko hupima breki. Hakuna sehemu ya safari hiyo ambapo jani la ziada linaamua kama gari litafika salama.

Hatua ya nne ni kurudisha uzito mbele. Kifaa kinachofanya hivyo ni kiungo cha kugawa uzito, chenye fito za chuma za springi zinazokazwa kati ya pikapu na mkono wa trela. Fito hizo hupinga wenzo ulioelezwa mwanzoni: husukuma sehemu ya mzigo mbele hadi ekseli ya mbele na nyuma hadi magurudumu ya trela. Taa hushuka kwa sababu mbele kumeshuka, na si kwa sababu nyuma kumeinuliwa. Kifaa hiki kina mipaka. Fito hulegezwa kabla ya kupita mahali penye kuinama sana, na baadhi ya watengenezaji wa pikapu hawakiruhusu, kwa hiyo kitabu cha gari husomwa kwanza.

Springi zinakuja mwisho, na zina nafasi yao. Springi za kiwandani zilizochoka, zilizonyooka hata gari likiwa tupu, zibadilishwe. Pikapu inayobeba mzigo wa kudumu, kama masanduku ya vifaa au jenereta iliyofungwa, inahitaji pakiti kamili iliyokadiriwa kwa mzigo huo, kama zile za Old Man Emu ya Australia, pamoja na shokomzoba zinazolingana nayo. Anayevuta mara mojamoja anafaidika zaidi na pakiti ya hatua mbili, yenye majani laini juu na jani nene bapa chini linaloguswa tu mzigo ukizidi, au na vizuizi vya mpira vinavyofanya kazi hiyohiyo. Mifuko ya hewa inafaa ikiwa kila mfuko una bomba lake, upepo wake ni mdogo, na kazi yake ni kumalizia kimo baada ya uzito kuwa ndani ya kikomo. Katika hali zote, vali ya breki na taa hurekebishwa siku hiyohiyo.

Ikiwa hatua zote zimefuatwa na ekseli ya nyuma bado imezidi kikomo chake, jibu halipo Kirinyaga Road. Mzigo huo unahitaji safari mbili, trela nyepesi, au gari lililojengwa kwa kazi hiyo, kama vile lori dogo la Canter au la Isuzu. Mwenye pikapu anayeambiwa na fundi kwamba jani moja litamaliza kazi ana swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: ekseli ya mbele ina kilo ngapi sasa, na itakuwa na ngapi baada ya jani hilo? Fundi asiye na namba hizo hajapima mzigo, na hana msingi wa kuuza springi.